Mwenye Vyombo na Mwenye Mtindo: Nafasi ya Mwendesha Bendi katika Muziki wa Dansi wa Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu nyimbo za dansi za Tanzania. Wanafunzi wa fasihi wamechambua maudhui yake, hususan mapenzi, ndoa, siasa na maisha ya mjini. Wanaisimu wameangalia misemo iliyotoka katika nyimbo hizo na kuingia katika mazungumzo ya kila siku. Wanamuziki wenyewe, akina Salum Abdallah, Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu, wamepata sehemu yao ya sifa. Kuna mtu mmoja, hata hivyo, ambaye hutajwa kwa haraka, aghalabu katika sentensi moja, kisha akaachwa: yule aliyenunua magitaa, akatafuta ukumbi, akawaajiri wapigaji na kuwalipa mwisho wa mwezi. Makala haya yanamhusu mtu huyo.

Kiini cha mjadala wetu ni tukio la mwaka 1985, ambapo mfanyabiashara Hugo Kisima aliivunja bendi yake ya Orchestra Safari Sound (OSS), akaunda nyingine, International Orchestra Safari Sound (IOSS), kwa kuwachukua baadhi ya wanamuziki wakuu wa bendi ya Mlimani Park. Tukio hilo linafahamika kwa kila mpenzi wa dansi wa umri fulani, nalo husimuliwa kama kisa cha fedha kuushinda uaminifu. Usomaji huo, kwa maoni yetu, haujitoshelezi. Kilichojaribiwa mwaka ule ni swali ambalo bendi za Dar es Salaam zilikuwa zikiishi nalo tangu miaka ya 1930 bila kulijibu: bendi ni mali ya nani? Tutajaribu kuonyesha kwamba mwendesha bendi alikuwa na mamlaka kamili juu ya vyombo na ukumbi, lakini kitu kilichowaleta watu ukumbini, yaani mtindo, hakikuwa mikononi mwake, na kwamba lugha ya wapenzi wa dansi ilikuwa imelitambua jambo hilo mapema kuliko sheria.

2.0 Majina ya mtu huyu

Kiswahili hakina neno moja la kumtaja mwendesha bendi, na wingi wa majina yake unastahili kuangaliwa kabla ya kuendelea. Neno la mkopo 'promota' humwelekea zaidi mwandaaji wa onyesho moja moja, awe wa ngumi au wa muziki: hukodi ukumbi, hubandika matangazo, hukusanya kiingilio, na kazi yake huisha usiku uleule. 'Meneja' ni mtu wa kati. Yeye huajiriwa kama wapigaji wanavyoajiriwa, ila hukaa upande wa mwenye mali siku ya kugawana mapato. 'Kiongozi wa bendi' ni mwanamuziki, tena huchaguliwa kwa umahiri wake au kwa umri. Pale bendi inapokuwa chini ya taasisi, husemwa kwamba taasisi hiyo ni 'mlezi' au 'mfadhili' wake, maneno yanayochukua sura ya familia na kuuficha uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa.

Jina linalotuvutia zaidi ni 'mwenye vyombo'. Katika lugha ya dansi, vyombo ni magitaa, vipaza sauti, ngoma, saksafoni, tarumbeta na mashine zote zinazofuatana navyo. Anayeitwa mwenye vyombo anatambuliwa kwa kile hasa anachokimiliki, wala si zaidi. Jina halisemi kwamba ana wanamuziki, au nyimbo, au wapenzi. Ndiyo maana tumelichagua liwe sehemu ya kichwa cha makala haya.

3.0 Kutoka chama hadi shirika

Bendi za mwanzo hazikuwa na mwenyewe kwa maana ya mtu mmoja. Dar es Salaam Jazz Band ya miaka ya 1930, na Morogoro Jazz iliyoanzishwa mwaka 1944, ziliendeshwa kama vyama. Wanachama walichanga, vyombo vikanunuliwa, na kilichopatikana kikarudi katika chama. Wapigaji wengi walikuwa na kazi nyingine mchana, na dansi ilikuwa jambo la heshima na la kupumzika kabla ya kuwa riziki. Hata Kilwa Jazz (1958) ya Ahmed Kipande na Western Jazz (1959) ya Iddi Nhende zilichukua majina ya sehemu walikotoka waasisi wake. Hiyo ni ishara kwamba bendi ilikuwa bado ni aina ya umoja wa watu wa kwao waliokutana mjini.

Uhuru ulibadili mpangilio huo. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kilianzisha bendi yake, na wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara. Mfano huo ulifuatwa na wengi: majeshi, umoja wa vijana wa TANU (Vijana Jazz, 1971), kiwanda cha nguo cha Urafiki, shirika la bima. Wengine huuona mfumo huu kama matokeo ya siasa ya Ujamaa peke yake, lakini NUTA Jazz iliundwa miaka mitatu kabla ya Azimio la Arusha. Sababu ya karibu zaidi ilikuwa vyombo. Vilitoka nje, viliuzwa kwa fedha za kigeni, na mpigaji wa kawaida hakuweza kuvinunua hata kama angechanga na wenzake kwa miaka mingi. Taasisi iliweza. Kwa hiyo mpigaji alipata mshahara na gitaa la kupigia. Alipoondoka, gitaa lilibaki.

Njia nyingine zilikuwapo, japo chache. Mwaka 1973 Mbaraka Mwinshehe alitoka Morogoro Jazz akaunda Super Volcano yake mwenyewe, aliyokuwa nayo hadi alipofariki katika ajali ya gari mwezi Januari 1979. Orchestra Maquis, iliyotoka Kongo na kupitia Uganda kabla ya kutua Dar es Salaam, iliendesha mambo yake kwa njia ya kampuni. Mwanamuziki kuwa mwenye vyombo lilikuwa jambo linalowezekana, ila lilihitaji mtu wa kimo cha Mbaraka.

4.0 Hugo Kisima na biashara ya mlangoni

Ili kuielewa nafasi ya mfanyabiashara kama Kisima, hapana budi kwanza kuuliza fedha ya dansi ilitoka wapi katika miaka ya mwanzo ya 1980. Haikutoka katika santuri. Viwanda vya kutengenezea sahani vilikuwa Nairobi, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, usifunguliwe hadi 1983. Haikutoka redioni pia. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa na studio, nayo ndiyo iliyokuwa na masafa. Bendi ilirekodiwa huko, nyimbo zikapigwa nchi nzima, sifa ikaenea, na mapato ya sifa hiyo yakawa madogo mno. Kanda za kaseti zilinakiliwa vibandani bila ya mtunzi kuulizwa. Fedha ilipatikana mahali pamoja tu, mlangoni pa ukumbi, na hatua chache kutoka hapo, kaunta ya bia.

Aliyewahi kusimama mlangoni pa ukumbi wa dansi usiku wa Jumamosi anajua hesabu yake ilivyo. Kiingilio hugawanywa kati ya bendi na mwenye ukumbi kwa kadiri walivyopatana. Bia ni ya mwenye ukumbi. Bendi isiyokuwa na ukumbi wake huzunguka juma zima, leo Kariakoo, kesho Magomeni, na kila inapokwenda huacha fungu kubwa nyuma yake. Yule aliye na vyombo na ukumbi kwa pamoja hupata viingilio vyote na bia yote. Kisima alikuwa na Safari Resort huko Kimara, kando ya barabara ya Morogoro, wakati ambapo Kimara ilikuwa bado ni nje ya mji na mtu alikwenda huko kwa makusudi. Kwa mwenye mahali kama pale, bendi nzuri ilikuwa ndiyo sababu ya mteja kupanda gari na kuja.

OSS ilikuwa bendi nzuri. Ilikuwa na Ndala Kasheba, mzaliwa wa Kongo, ambaye gitaa lake la nyuzi kumi na mbili lilitambulika mara tu lilipoguswa, na mtindo wake uliitwa Masantula. Bado haikuweza kuizidi Mlimani Park, na hapa inafaa kumtazama mpinzani huyo kwa karibu.

Mlimani Park iliundwa mwaka 1978 chini ya TTTS, shirika la usafiri na teksi, ikichukua jina la baa ya Mlimani Park. Shirika hilo liliposhindwa kuendelea, bendi ilichukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, lililokuwa likimiliki kumbi za Kariakoo na Magomeni Kondoa. Tukiweka kando majina ya heshima, DDC nayo ilikuwa mwenye baa. Ushindani wa mwaka 1985 husimuliwa kana kwamba ulikuwa kati ya mfanyabiashara binafsi na sanaa ya umma. Kwa upande wa mapato, ulikuwa kati ya wenye kumbi wawili, mmoja akiwa wa umma, mwingine wa binafsi, kila mmoja akitaka watu waje kunywa kwake.

Jambo la pili husahauliwa. Wanamuziki wa kwanza wa Mlimani Park walitoka, kwa sehemu kubwa, katika bendi ya wafanyakazi, ambayo wakati huo ilikuwa ikiitwa JUWATA, na katika Dar International. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa NUTA Jazz mwaka 1964, aliiacha bendi hiyo mwaka 1978 ili kwenda Mlimani Park. Bendi iliyolalamika mwaka 1985 kwamba imenyang'anywa watu wake ilikuwa imezaliwa kwa njia hiyohiyo miaka saba kabla. Lugha ya wapenzi ililipokea jambo hili bila ya mshangao. Ilikopa msamiati wa mpira wa miguu, na wanamuziki 'wakasajiliwa', 'wakahama', 'wakanyakuliwa', kama vile Simba na Yanga zinavyogombea wachezaji.

Mwaka 1985, basi, Kisima aliivunja OSS na kuwachukua Gurumo, mpiga gitaa Abel Balthazar na wenzao. Wakati wenyewe una maana. Mwaka 1984 serikali ilikuwa imeanza kulegeza masharti ya biashara na kuruhusu watu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa, mwaka mmoja tu baada ya msako wa waliotuhumiwa kuuhujumu uchumi. Hatudai kwamba badiliko hilo ndilo lililomfanya Kisima achukue hatua yake. Tunasema tu kwamba mfanyabiashara wa mwaka 1985 aliweza kusimama waziwazi mbele ya shirika la umma na kuwaahidi waajiriwa wake maisha bora zaidi, jambo ambalo miaka miwili nyuma lingehitaji ujasiri wa aina nyingine.

Kwa mwanamuziki, hesabu ilikuwa nyepesi. Mshahara wa shirika haukuongezeka kwa sababu ukumbi ulijaa. Mwimbaji aliyewaleta watu mia tano usiku mmoja alilipwa sawasawa na usiku wa mvua. Kumwita msaliti mtu aliyeondoka katika mazingira hayo ni kumdai uaminifu ambao mkataba wake haukuulipia.

5.0 Jina la mtindo na jina la bendi

Sasa tunafika kwenye jambo lililo la msingi kwa wanafunzi wa lugha. Kila bendi ya dansi ilikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa la kiserikali, lililoandikwa kwenye barua na kwenye ngoma kubwa: NUTA Jazz, Western Jazz, DDC Mlimani Park Orchestra. La pili lilikuwa la mtindo: Msondo, Saboso, Sikinde, Kamanyola, Masantula. Kimuziki, mtindo ni mwendo wa bendi, namna magitaa yanavyojibizana, pale ngoma inapobadilika ili wachezaji waingie uwanjani. Kilugha ni jina la pekee linalofanya kazi ya jina la kundi zima la watu, yaani wapigaji pamoja na wapenzi wao. Mtu husema 'mimi ni wa Sikinde'. Ni nadra sana kumsikia akisema yeye ni wa DDC.

Mengi ya majina haya yalitolewa katika ngoma za asili. Msondo ni ngoma ndefu, na pia uchezaji unaofuatana nayo. Sikinde huhusishwa na ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa mji wenyewe. Si jambo la kushangaza kwamba bendi zilizopiga kwa magitaa ya umeme katika kumbi za shirika zilijitafutia majina katika uwanja wa ngoma, ambako swali la nani ni mwenye vyombo halikuwa na uzito huo. Ngoma ina manju wake na ina wachezaji wake.

Tukio la 1985 lilikuwa jaribio la mfumo huu wa majina. Kisima aliweza kuwachukua Gurumo na Balthazar. Aliweza kuwapa vyombo na ukumbi. Sikinde hakuweza kuichukua. Bendi mpya ilihitaji mtindo mpya, nao ukaitwa Ndekule. Masantula, uliokuwa mali ya vidole vya wapigaji wa OSS, ulikwisha pamoja na bendi iliyovunjwa. Kule DDC mambo yalikwenda kinyume na walivyotabiri wengi. Bendi ilibaki na Michael Enoch, mpigaji wa vyombo vingi na mwalimu wa wengi, ikajaza nafasi zilizoachwa, na wapenzi wakaendelea kuja kwa sababu kilichopigwa kilikuwa bado ni Sikinde. Waliohama walikuwa miongoni mwa walioijenga Sikinde, lakini ilikuwa imekua kiasi cha kutowategemea peke yao.

Je, tuseme basi kwamba mtindo ulikuwa mali ya DDC, mwenye vyombo aliyebaki? Hapa ndipo mfano wa bendi ya wafanyakazi unapokuwa na manufaa. Bendi hiyo iliitwa NUTA tangu 1964, ikaja kuitwa JUWATA chama kilipobadili jina, kisha OTTU katika miaka ya 1990. Kila mara jina la mlezi lilipobadilika, jina la bendi lilibadilika nalo. Katika muda huo wote wapenzi waliiita Msondo. Mlezi wa mwisho alipoondoka, wanamuziki walihitaji jina la kusimama nalo peke yao, wakachukua lile ambalo watu walikuwa wakilitumia muda wote: Msondo Ngoma. Jina la utani likawa jina rasmi. Kwa ushahidi huo, mtindo haukuwa wa mwimbaji mmoja anayehama wala wa mlezi anayebadilika. Ulikuwa mali ya makubaliano kati ya jukwaa na uwanja, na hakuna hati ya mauzo iliyoweza kuuhamisha.

Sheria ilikuwa kimya juu ya mambo haya. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966 iliwahusu watunzi, lakini wimbo wa dansi kwa kawaida hutungwa na wengi: mmoja huja na maneno na sauti, mwingine huweka gitaa la kwanza, wapuliza tarumbeta hutafuta mahali pao, na bendi nzima huurekebisha katika mazoezi. Mwenye vyombo aliyelipa mishahara ya mazoezi hayo aliuhesabu wimbo kuwa wa bendi, na bendi kuwa yake. Sheria mpya ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, ikaleta chombo cha kukusanya mirabaha, COSOTA, wakati ambapo wengi wa watunzi wa miaka ya dhahabu walikuwa wamekwisha kustaafu au kufariki.

6.0 Baada ya Ndekule

IOSS ilipiga kwa miaka michache, ikasifiwa, kisha ikaisha. Hatima hiyo inafafanua tofauti halisi kati ya mwenye vyombo binafsi na taasisi. Taasisi huweza kuiweka bendi kwa sababu zisizokuwa za faida, kama vile heshima, siasa au mazoea tu. Mfanyabiashara huitazama bendi pamoja na mali zake nyingine, na siku hesabu inapokataa, vyombo hukusanywa. Alipouvunja Masantula ili kuunda Ndekule, Kisima alikuwa ametumia haki hiyohiyo ambayo ndiyo iliyomfanya kila mwanamuziki wake awe mtu wa muda.

Wengine walimfuata katika njia hiyo, katika hali iliyobadilika. Utangazaji binafsi uliruhusiwa mwaka 1993, redio zikaongezeka, na matangazo yakawa sehemu ya kazi ya mwendesha bendi. Aliyefanikiwa zaidi katika zama hizo ni mwanamke, Asha Baraka, mkurugenzi wa kampuni ya ASET, iliyoendesha African Stars. Nani lakini aliyeiita bendi hiyo African Stars? Mji mzima uliiita Twanga Pepeta, kwa jina la mtindo wake.

Mwaka 1990 Gurumo alirudi katika bendi ya wafanyakazi, ile ile aliyoianzisha na wenzake miaka ishirini na sita nyuma. Alikuwa ameimba chini ya chama cha wafanyakazi, kampuni ya teksi, shirika la maendeleo la jiji na mfanyabiashara wa Kimara, na katika kila mahali alikuta vyombo vya mtu mwingine. Aliimba huko hadi mwaka 2013 alipotangaza kustaafu, na habari iliyosambaa zaidi siku zile ni kwamba baada ya zaidi ya miaka hamsini ya kazi hakuwa na gari. Alizawadiwa gari mwaka huo na Diamond Platnumz, mwimbaji wa Bongo Fleva aliyezaliwa mwaka 1989, ambaye hakuwahi kuajiriwa na bendi ya taasisi yoyote. Gurumo alifariki mwezi Aprili 2014.